Lenzi za zamani: zinafutwa au zinahama?

Swali linalozunguka katika studio za picha za Korogwe na Handeni ni la fedha kabla ya kuwa la ufundi. Mwenye studio ana lenzi tatu au nne kabatini, alizozinunua kidogo kidogo kwa mapato ya harusi na mahafali. Anaambiwa na wenzake wa Dar es Salaam kuwa viwanda vya Japani vimeziacha. Wiki hiyo hiyo anapita mchuuzi na begi lake, naye anauza lenzi za aina ile ile kwa bei ya chini kuliko ya mwaka uliopita. Je, auze alizonazo kabla bei haijaanguka zaidi, au anunue za mchuuzi kwa kuwa zimekuwa rahisi?

Jibu lolote kati ya hayo mawili linaweza kumtia hasara ikiwa hajajua neno "kuachwa" lina maana gani. Sokoni neno hilo hutumika kwa mambo matatu yasiyofanana, na kila moja lina bei yake.

Maana ya kwanza ni toleo moja kutoka na jingine kuingia mahali pake. Mfano ulio karibu na wengi ni lenzi ya Canon ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8. Toleo lake la pili lilianza kuuzwa mwaka 1990, likadumu miaka 25, na mwaka 2015 likafuatiwa na toleo linaloitwa STM. La mwaka 1990 lilikuwa na mdomo wa plastiki. La 2015 lina mdomo wa chuma na linakaribia kitu hadi sentimita 35 badala ya 45. Lakini lenzi ya zamani haikuacha kufanya kazi siku ile. Kamera iliyoipokea Jumatatu iliipokea pia Jumanne. Kuachwa kwa namna hii hupunguza bei kidogo tu, na mara nyingi kinachoipunguza hasa ni ule mdomo wa plastiki unaovunjika, si tangazo la kiwanda.

Maana ya pili ni nzito zaidi. Ni kampuni kuacha mdomo mzima, yaani ile sehemu ya chuma ambapo lenzi hushikana na bodi ya kamera. Hapo haiondoki lenzi moja. Ukoo mzima wa lenzi hukosa mrithi. Maana ya tatu ni vipuri kwisha: mota ya lenzi ikifa, au utepe wa umeme ulio ndani ukikatika, fundi hapati kingine ila kwa kuvunja lenzi nyingine mbovu. Maana hii ya tatu haitangazwi na mtu yeyote, na ndiyo inayomwumiza mnunuzi wa mtumba kuliko zote.

Kinachoendelea sasa duniani ni cha aina ya pili, na wafanyabiashara wengi wanakipima kana kwamba ni cha kwanza.

Miaka ya FD

Jambo hili si geni. Mwaka 1984 serikali ya Tanzania iliruhusu waagizaji kuleta bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, na katika miaka iliyofuata madukani vilianza kuonekana vitu vilivyokuwa vimeadimika, kamera zikiwa miongoni mwake. Wakati milango hiyo inafunguka hapa, huko Japani Canon ilikuwa inajiandaa kufunga mlango wake mmoja. Tangu mwaka 1971 kampuni hiyo ilikuwa ikitengeneza lenzi zenye mdomo wa FD. Mwezi Machi 1987 ilitoa kamera ya EOS 650 yenye mdomo mpya wa EF, ambao mota ya kulenga inakaa ndani ya lenzi na mawasiliano yote ni ya umeme. Lenzi ya FD haikuingia katika kamera hiyo. Mpiga picha aliyekuwa ameweka akiba yake katika FD alikuta hana njia ya kwenda mbele.

Wapo waliouza lenzi zao za FD kwa bei ya kutupa. Kisha mwaka 2008 Panasonic ilileta kamera ya G1, ya kubadilisha lenzi lakini isiyo na kioo ndani. Kamera za namna hiyo ni nyembamba, hivyo hubaki nafasi ya kuweka pete ya chuma kati ya bodi na lenzi. Kwa pete hiyo, lenzi za FD zilizokuwa zimelala zaidi ya miaka 20 zilianza kupiga picha tena, kwa kulenga kwa mkono, na wapiga video wakaanza kuzitafuta. Lenzi iliyozikwa mwaka 1987 ikapata wanunuzi ambao haikuwa nao mwaka 1995.

Nikon ilikwenda njia nyingine. Mdomo wake wa F ulianza mwaka 1959 na haukubadilishwa umbo kwa zaidi ya nusu karne. Sifa hiyo iliuza kamera nyingi. Pia iliwafanya watu waamini kuwa kila Nikon inaingia katika kila Nikon, imani ambayo leo inawagharimu, kama itakavyoonekana hapa chini.

Yashica haikuwa na bahati yoyote kati ya hizo. Kampuni ya Kyocera, iliyoinunua Yashica mwaka 1983, ilitangaza mwaka 2005 kuwa inaacha biashara ya kamera. Minolta iliungana na Konica mwaka 2003, na mwaka 2006 kazi yao ya kamera ikachukuliwa na Sony, ambayo iliuendeleza mdomo wa Minolta wa mwaka 1985 hadi mwaka 2021, kamera zake za mwisho zilipoondolewa katika orodha ya bidhaa bila sherehe.

Kilichobadilika mwaka 2018

Mwezi Septemba 2018 Canon ilitangaza kamera ya EOS R yenye mdomo mpya wa RF. Mwaka huo huo Nikon ilitoa Z6 na Z7 zenye mdomo wa Z. Tangu mwezi ule Canon haikuleta tena lenzi mpya ya picha ya EF. Nguvu zote zilihamia RF. Kwa upande wa Nikon, lenzi mpya ya mwisho ya mdomo wa F, ile kubwa ya milimita 120 hadi 300, ilitangazwa Januari 2020. Mwishoni mwa mwaka 2021 mkuu wa Canon aliliambia gazeti la Yomiuri la Japani kuwa EOS-1D X Mark III ndiyo kamera kubwa ya mwisho ya kampuni hiyo yenye kioo.

Takwimu za CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, zinaeleza sababu. Mwaka 2010 wanachama wake walisafirisha kamera za dijitali zipatazo milioni 121. Mwaka 2020 hazikufika milioni 9. Simu ndiyo iliyokula tofauti hiyo, na mwaka huo huo wa 2020 kamera za kubadilisha lenzi zisizo na kioo zilizipita zile za kioo kwa idadi. Kiwanda ambacho soko lake limepungua hivyo hakiwezi kuendesha mistari miwili ya lenzi kwa muda mrefu. Orodha ya lenzi za EF na za F imekuwa ikifupishwa mwaka hadi mwaka.

Kwa hiyo uvumi wa Dar es Salaam ni wa kweli, lakini umeishia njiani. Sehemu iliyobaki ni hesabu ya milimita.

Kwa nini lenzi inakwenda mbele na hairudi nyuma

Kila mdomo una umbali wake kutoka pale lenzi inapokaa hadi kwenye kihisi kinachopokea picha. Kwa Canon EF umbali huo ni milimita 44. Kwa RF ni milimita 20. Kwa Nikon F ni milimita 46.5, kwa Z ni milimita 16. Kamera za zamani zilihitaji nafasi hiyo kwa sababu kioo kilikuwa kinanyanyuka na kushuka ndani yake. Kioo kilipoondolewa, bodi ikawa nyembamba.

Maana yake kibiashara ni hii. Ukichukua lenzi ya EF na kuiweka kwenye bodi ya RF, zinabaki milimita 24 za kujaza. Pete tupu isiyo na kioo chochote inazijaza, na nyaya ndani yake hupeleka amri za umeme. Canon yenyewe iliuza pete hiyo, au adapta, kwa dola 99 za Marekani ilipotoka mwaka 2018. Lenzi ya EF inalenga, inafungua na kufunga tundu, na kutuliza mtikisiko kama ilivyokuwa. Lakini ukichukua lenzi ya RF na kutaka kuiweka kwenye kamera ya zamani ya Canon, utahitaji kupunguza milimita 24 ambazo haziwezi kupunguzwa. Haiingii, na hakuna fundi wa Kariakoo atakayeiingiza.

Lenzi ya zamani, basi, ina wanunuzi wa pande mbili: wenye bodi za zamani na wenye bodi mpya waliokwisha nunua adapta. Lenzi mpya ina wanunuzi wa upande mmoja tu. Katika mji ambao kamera zisizo na kioo bado ni chache, lenzi mpya ya RF yenye punguzo zuri inaweza kukaa kabatini muda mrefu kuliko lenzi "iliyoachwa" ya EF. Hili huwashangaza wale waliozoea biashara ya simu, ambamo kipya humfukuza cha zamani moja kwa moja.

Kuna mtego hapa unaofaa kutajwa kwa wanaoagiza mizigo kwa kuangalia picha kwenye simu. Mwishoni mwa mwaka 2020 Canon ilitoa lenzi ya RF ya milimita 50, f/1.8 STM, kwa dola 199. Jina lake linakaribia kufanana neno kwa neno na lile la EF ya 2015 iliyotoka kwa dola 125. Mwenye kamera ya zamani akiagiza RF kwa kudhani ni toleo jipya tu la ile ile, atapokea kitu asichoweza kukifunga. Alama ziko wazi kwa anayezijua: EF ina nukta nyekundu kwenye mdomo, EF-S ina mraba mweupe, na RF ina mstari mwekundu.

Ile EF-S nayo inahitaji neno lake. Ilianza mwaka 2003 kwa ajili ya kamera zenye kihisi kidogo, na lenzi za milimita 18 hadi 55 zinazokuja na kamera nyingi za bei nafuu ni za ukoo huo. Haziingii katika kamera za EF zenye kihisi kikubwa. Katika bodi za RF zinaingia kwa adapta, ila zenye kihisi kikubwa hukata picha pembeni. Zimetengenezwa nyingi mno. Kwa uchuuzi, hizi ndizo za kuogopa, kwa sababu kila anayenunua kamera anapewa moja na kila anayeuza anataka kuiondoa.

Wingi huo uzingatiwe na wale wanaosema "zimeachwa, kwa hiyo zitaadimika, tuziweke". Mwaka 2021 Canon ilitangaza kuwa imefikisha lenzi milioni 150 za EF na RF, na kwa kuwa RF ilikuwa na umri wa miaka mitatu tu, sehemu kubwa sana ya hizo ni EF. Mali ya wingi huo haiadimiki katika maisha ya biashara ndogo. Anayezinunua azinunue kwa kazi, si kwa kungoja zipande.

Aidha, kiwanda kikiacha lenzi haina maana kuwa kimeutupa mchoro wake. Mwaka 2025 Canon ilileta lenzi ya RF ya milimita 75 hadi 300, na vioo vyake vimepangwa kwa mchoro wa ile ya EF ya mwaka 1999. Mzee amevalishwa kanzu mpya. Mwenye ile ya EF na adapta ana karibu kitu kile kile.

Mtego wa Nikon

Kwa Nikon mambo si mepesi hivyo, na hapa ndipo wachuuzi wengi huumia. Lenzi za Nikon zenye alama ya AF au AF-D hazina mota ndani. Huzungushwa na bisibisi ndogo iliyo kwenye mdomo wa kamera. Mwaka 1996 Nikon ilianza kutoa lenzi za AF-S ambazo zina mota yake, na mwaka 2016 zikafuata AF-P. Kuanzia D40 ya mwaka 2006, kamera za Nikon za bei ya chini, yaani familia za D3000 na D5000, hazikupewa ile bisibisi. Lenzi ya AF-D inaingia humo, inakaa vizuri, inapiga picha, lakini hailengi yenyewe. Mteja anairudisha kesho yake akidai ni mbovu.

Adapta ya Nikon ya kwenda kwenye mdomo wa Z inaitwa FTZ. Ilitoka kwa dola 249. Nayo haina bisibisi. Lenzi za AF-S hufanya kazi zote kupitia kwake. Za AF-D zinabaki kulengwa kwa mkono. Kwa hiyo lenzi mbili za Nikon za milimita 50 zinazofanana kwa mbali, moja AF-S na nyingine AF-D, zina hatima mbili tofauti. Moja inahama na mwenyewe kwenda kwenye kamera mpya. Nyingine inaishia kwa wenye D90, D7000, D7200 na ndugu zao. Kabla ya kutoa fedha, mfanyabiashara asome herufi zilizoandikwa kwenye lenzi yenyewe. Begi la mchuuzi halina herufi.

Vivyo hivyo kwa lenzi za Sigma za enzi za filamu zenye mdomo wa Canon. Nyingi kati yake hukataa kusema na kamera za dijitali, na kamera huonyesha hitilafu mara tu tundu linapotakiwa kujifunga. Mpiga picha akijaribu tundu likiwa wazi kabisa huona kila kitu ni sawa. Ajaribu kwa f/8, ndipo atajua.

Mnunuzi wa hapa ni nani

Bei ya Tokyo au ya Kariakoo haimsaidii sana mtu wa Korogwe mpaka ajue ni bodi zipi zilizopo katika eneo lake. Hilo halimo katika orodha yoyote. Linapatikana kwa kuhesabu: studio zilizo mjini Korogwe, za Mombo, za Chanika pale Handeni, za Mkata na Segera, nani ana Canon ya kioo, nani ana Nikon na ya namba gani, nani amekwisha hamia kwenye kamera isiyo na kioo. Barabara ya lami ya kilomita 65 kati ya Korogwe na Handeni imeyafanya masoko haya mawili kuwa karibu moja. Mtu anaweza kufuata mteja na kurudi siku hiyo hiyo. Daftari la kurasa mbili lenye majina ya bodi lina thamani kuliko uvumi wa miezi sita.

Kamera za Pentax ni mfano wa kinyume. Kampuni ya Ricoh, mwenye jina hilo, haikuufuata mkumbo, na mwaka 2021 ilitoa kamera mpya ya kioo yenye mdomo wa K ambao asili yake ni mwaka 1975. Kwa maneno mengine mdomo huo haujaachwa. Lakini anayepeleka lenzi ya Pentax Chanika kuitafutia mnunuzi ajiandae kusubiri. Mali iliyo hai kiwandani inaweza kuwa mfu dukani.

Halafu kuna kazi yenyewe. Picha ndogo za fomu na za kumbukumbu za nyumbani zimeliwa kwa sehemu kubwa na simu. Kinachobaki na fedha ni sherehe: harusi, mahafali, ngoma na maulidi. Harusi hujaa baada ya mavuno, mkulima anapokuwa na shilingi, na hukauka mwezi wa Ramadhani kisha zikarudi baada ya Idi. Mahafali ya kidato cha nne huja kabla ya mitihani ya Novemba. Nyingi ya sherehe hizo hufika usiku ndani ya ukumbi wenye taa chache, na hapo lenzi ya kawaida ya milimita 18 hadi 55 hushindwa. Inayotafutwa ni yenye tundu kubwa: f/1.8, au f/2.8 kwa mwenye uwezo. Sura ya bibi harusi haijui lenzi ilitengenezwa mwaka gani. Inajua mwanga.

Mwenye mtaji atenganishe basi lenzi ya kuuza na lenzi ya kukodisha. Chukua mfano wa hesabu, si bei za soko. Lenzi ya shilingi 400,000 inayokodishwa kwa shilingi 15,000 kila sherehe hurudisha fedha yake baada ya mara 27. Ikiwa baada ya miaka miwili itauzwa kwa 250,000, kushuka huko kwa 150,000 ni sawa na kukodisha mara 10 tu. Kwa mtu huyu tangazo la Japani ni habari ndogo. Kwa mchuuzi anayetegemea kuuza ndani ya mwezi mmoja, kushuka kule kule ni faida yote.

Mfano mwingine ni begi lenye vitu vinne: EF 50 STM, EF-S 18 hadi 55, Nikon AF-D 50, na Sigma ya zamani ya mdomo wa Canon. Mchuuzi anataka shilingi 600,000 kwa zote na hauzi mojamoja. Mnunuzi akadirie hivi: ya kwanza itauzika 250,000 ndani ya wiki mbili, ya pili 60,000, akipatikana mtu, ya tatu 180,000, lakini kwa mwenye bodi yenye bisibisi tu, pengine baada ya miezi mitatu, ya nne haina bei mpaka ijaribiwe. Jumla ni 490,000. Bei ya mchuuzi ni hasara ya 110,000 hata kabla ya nauli. Kwa 350,000 ni biashara, japokuwa zaidi ya theluthi moja ya mapato itakuwa imefungwa katika ile Nikon. Anayetegemea fedha hiyo kwa ada ya Januari asiiguse kwa bei yoyote inayomtegemeza kwa AF-D.

Bei za mpya nazo hufuata dola. Shilingi ilishuka thamani mwaka 2023 na sehemu kubwa ya 2024, kisha ikapanda mwishoni mwa 2024. Walioagiza dola ilipokuwa juu walijikuta na mzigo wa gharama kubwa wakati wenzao wakileta kwa gharama ndogo. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kupanga bei za ndani kwa fedha za kigeni, hivyo muuzaji anayetaja bei ya lenzi kwa dola hapa nchini aombwe aitaje kwa shilingi.

Ukungu

Hasara ambayo haihusiani na Japani hata kidogo ni ya unyevu. Korogwe iko kando ya mto Pangani, na miezi ya masika na ya vuli hewa hulowa. Lenzi iliyofungwa ndani ya mfuko wa ngozi au begi la kitambaa huota kuvu juu ya kioo, nyuzi nyembamba kama za buibui, na ikikaa muda mrefu hula utando wa kioo. Hilo halisafishiki likaisha. Lenzi ikiachwa na kiwanda hupoteza sehemu ya bei; ikiingiwa na kuvu hupoteza karibu yote.

Kinga ni rahisi kuliko lenzi. Ni kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, na ndani yake vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja katika boksi za viatu, vikibadilishwa vinapolowa. Mfuko wa ngozi ubaki kwa maonyesho.

Kwenye kununua, tochi ya simu inatosha. Tundu lifunguliwe, mwanga upitishwe kutoka nyuma, na jicho liangalie kutoka mbele kwa kuinamisha lenzi pole pole. Vumbi kidogo si kitu. Nyuzi, au ukungu wa maziwa, ni sababu ya kuirudisha. Vipande vya tundu vikiwa na mafuta vitafunga kwa uvivu. Kisha lenzi iwekwe kwenye bodi ya mnunuzi mwenyewe, si ya muuzaji, na zipigwe picha ishirini kwa matundu tofauti, karibu na mbali, huku sikio likisikiliza mota. Mota inayokwaruza leo itasimama siku ya harusi ya watu, na vipuri vyake ndivyo vile visivyotangazwa. Risiti au maandishi ya mauziano yenye namba ya lenzi nayo yadaiwe, kwani kamera za wizi huzunguka na mwenye mali akitokea, lenzi huondoka naye.

Nani auze, nani akae

Mwenye EF zenye tundu kubwa na vioo safi hana sababu ya kukimbia. Lenzi hizo zitamfuata kwenye kamera yake ijayo kwa bei ya adapta moja, na adapta moja inatosha lenzi zote. Mwenye AF-S yuko katika hali hiyo hiyo. Mwenye AF-D aangalie bodi yake: ikiwa ina bisibisi na hana mpango wa kuibadilisha, azitumie, ikiwa anaelekea Z, aziuze sasa, wakati D7000 na D7200 bado ziko mikononi mwa watu. Mwenye rundo la 18 hadi 55 apunguze bei na kuziondoa.

Anayeanza biashara leo na hana kitu ana hesabu yake ya peke yake. Bodi ya kioo ya mtumba na lenzi za EF humpa picha za ukumbini kwa fedha ndogo kuliko seti mpya, na lenzi hizo hazimfungi hapo atakapohama. Bodi ndiyo itakayoshuka thamani mikononi mwake, maana shuta ina idadi ya picha inayoweza kupiga na lenzi haina. Kama fedha haitoshi vyote viwili, iende zaidi kwenye kioo.

Bidhaa ambayo bado haionekani sana katika vioo vya maduka ya wilayani ni adapta yenyewe. Kila studio ya Korogwe au Handeni itakayonunua Canon isiyo na kioo huku ikiwa na EF kabatini itaihitaji wiki ile ile, na kama haipo itatumwa kwenye basi la Dar es Salaam. Mwenye duka atakayeweka mbili au tatu, moja kati ya hizo ya Nikon, afanye hivyo kabla ya mahafali, wala asiweke kumi.